Mchoro wa Homa Uliosahau Mbuzi

Niliwaahidi makala kuhusu magazeti ya zamani, lakini itabidi isubiri. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Pasaka na nisipoliandika sitapata usingizi. Linamhusu bibi yangu, mdogo wangu anayesomea utabibu, na mchoro mmoja uliochorwa bure mtandaoni. Najua mchanganyiko huo unachekesha. Vuteni viti.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha afya huku Kaskazini. Ni mtu wa kuchora tangu utotoni, kuta za nyumbani ni mashahidi. Wenzake wakipewa mada wanaandika kurasa kumi za daftari. Yeye anafungua simu, anaandika neno moja katikati ya ukurasa mweupe, analizungushia kisanduku, kisha anaanza kutoa matawi, na kila tawi linazaa vijitawi mpaka skrini inafanana na mti wa mwembe. Wenyewe wanaita ramani ya mawazo. Mwaka jana alinitumia ramani yake ya HOMA. Ilikuwa nzuri jamani. Tawi la malaria lilikuwa nene, jekundu, limebeba kila kitu: aina za vimelea, dalili, malaria kali, kipimo cha haraka, dawa mseto, mama mjamzito afanyiwe nini. Pembeni kulikuwa na homa ya matumbo, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya uti wa mgongo. Nikamsifu, nikaiweka hata kwenye status yangu ili watu wajue kwetu kuna msomi.

Miezi michache baadaye bibi akaanza kuumwa. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Mgongo, magoti, nyonga, vyote vinalalamika. Akapelekwa zahanati, akapewa dawa za malaria. Akapata nafuu siku nne, ikarudi, akapewa tena. Safari ya tatu akaambiwa ni taifodi. Tulikula miezi mitatu namna hiyo, na bibi akawa anapungua kama sabuni. Mwishowe tukampeleka hospitali kubwa, na huko daktari mmoja kijana akamwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

"Bibi, unafuga?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anapumua. Anafuga mbuzi tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Wakizaa kwa shida anawasaidia kwa mikono mitupu. Mwaka ule wawili walikuwa wametupa mimba, na ni yeye aliyesafisha banda. Maziwa anakunywa yakiwa bado na joto la mnyama. Damu ikachukuliwa, majibu yakaja: brusela, ule ule ambao wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Akaanza dawa za wiki sita. Leo amerudi shambani, ingawa magoti bado anayasingizia kila anapotaka kutumiwa pesa.

Siku aliyotoka hospitali mdogo wangu alikaa barazani, akafungua ile ramani yake, akaivuta huku na huku kwa kidole. Kisha akasema, "Kaka, nimechora homa nzima nikasahau mbuzi."

Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka. Akataka kuongeza tawi palepale, na mtandao ule aliokuwa anautumia ukamkatalia. Alikuwa ameshamaliza idadi ya ramani za bure, kwa hiyo za zamani zilikuwa za kutazama tu, na akitaka kuzigusa alipe dola kadhaa kila mwezi kwa kadi ya benki. Mwanafunzi gani wa utabibu ana kadi ya kulipia dola? Jina la mtandao huo siliandiki, na pengine masharti yao yalikuwa yameandikwa mahali, kwa maandishi yale ya sisimizi. Lakini hebu fikirini: kosa analiona, anajua limemgharimu nani, na hawezi kulirekebisha.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilitaka kujua mchezo huu wa kugawa magonjwa kwa matawi ulianzia wapi. Nilidhani nitaishia kwenye miaka ya sabini. Nikajikuta Baghdad.

Hunayn ibn Ishaq, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 873, aliwaandikia wanafunzi wa tiba kitabu cha maswali na majibu. Anaanza kwa kuuliza tiba imegawanyika mafungu mangapi, na jibu ni mawili, nadharia na vitendo. Kisha nadharia nayo inagawanyika, na kila kipande kinagawanyika tena. Mtindo huo waliurithi kutoka shule za tiba za Alexandria, ambako vitabu vya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, vilikuwa vimefupishwa kwa mgawanyo wa aina hiyo. Waandishi wa Kiarabu waliipa kazi ya kuchora mgawanyo huo jina la tashjir, kutoka neno shajara, yaani mti. Shajara tunalo pia kwenye Kiswahili, ingawa sisi tumelipa kazi ya kuandikia mambo ya kila siku.

Neno la pili lilinifurahisha zaidi. Katika karne ya kumi na moja, Ibn Butlan wa Baghdad aliandika kitabu cha afya ambacho chote kimepangwa kwa majedwali. Akakiita Taqwim al-Sihha. Ndiyo, taqwim, hii hii takwimu yetu. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini na kikapendwa sana Ulaya, kiasi kwamba Mwitaliano mpaka leo kijitabu cha kuandikia mambo anakiita taccuino. Kwa hiyo mdogo wangu akiwa na kijitabu chake wodini, na mhasibu wa wizara akiwa na takwimu zake Dodoma, wote wamechota kisima kimoja.

Baada yake akaja Ibn Jazla, naye wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1100. Yeye alipanga magonjwa yenyewe: magonjwa 352 katika majedwali 44. Kila ugonjwa una mstari wake, na kwenye mstari kuna vyumba vya jina, umri unaopatwa zaidi, msimu, sababu, dalili, tiba. Ukitazama ni kitu ambacho ungeweza kukitengeneza leo kwa kompyuta. Lakini nilipopiga hesabu nikagundua kitu: 352 gawanya kwa 44 ni 8 kamili. Nikajiuliza, duniani kulikuwa na magonjwa 352, au ukurasa ulikuwa na nafasi ya manane? Mimi nashuku ukurasa. Ukishachora vyumba vinane utatafuta wa kuingia chumba cha nane, na wa tisa atalala nje.

Sasa niwapeleke Padua, Italia, maana huko ndiko nilikokutana na mtu ambaye alikumbwa na yaliyomkumba mdogo wangu.

Andreas Vesalius alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, ndiyo kwanza amepewa kazi ya kufundisha upasuaji. Akiwa darasani, alipokuwa anaeleza habari za kutoa damu mishipani, akachora mishipa kwenye karatasi ili wanafunzi waelewe. Wanafunzi wakaipenda. Wakaomba na mishipa mingine. Wakaanza kunakili, wengine wakanakili vibaya, na yeye akaona bora achapishe mwenyewe kabla hajachapishiwa. Mwaka 1538 zikatoka Venice karatasi sita kubwa, tatu kati yake akiwa amechora mifupa msanii Jan Stephan van Calcar. Mnamjua mwanafunzi wa utabibu: anapenda karatasi moja yenye kila kitu kuliko kitabu kizima. Karatasi zile zilienea, zikachapishwa kwa wizi katika miji mingine, zikabandikwa ukutani mpaka zikachakaa. Ndiyo maana zilizobaki leo ni chache sana.

Tatizo ni kwamba zilikuwa na makosa. Ini lilichorwa na ndewe tano. Chini ya ubongo ulichorwa wavu wa mishipa midogomidogo, ule uliokuwa ukiitwa wavu wa ajabu, ambao ulisemekana ndiko roho ya uhai inakosafishwa. Binadamu hana wavu huo. Kondoo anao, ng'ombe anao. Galen alikuwa amepasua wanyama, akaandika, na kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wakamwamini. Vesalius alikuwa ameshapasua maiti za watu, alikuwa na macho, na bado mkono wake ulichora alichokisoma badala ya alichokiona.

Mimi hapa nilikaa kimya kidogo. Yule alichora kondoo ndani ya mtu. Mdogo wangu alichora mtu bila mbuzi wake. Kosa ni lile lile, limegeuzwa tu: wote wawili walichora kitabu.

Vesalius alijirekebisha. Mwaka 1543, akiwa na miaka 28, alitoa kule Basel kile kitabu chake kikubwa cha mwili wa binadamu, na humo anakiri kwamba alikuwa mjinga kumfuata Galen, na kwamba alipokuwa akiwaonyesha watu wavu ule alilazimika kuweka kichwa cha kondoo au ng'ombe kando ya maiti. Kukiri kwa namna hiyo hadharani si jambo dogo. Lakini angalieni ilimgharimu nini: miaka mitano, mbao mpya za kuchongwa, mchapaji mpya. Na zile karatasi za zamani zilizokwisha kubandikwa ukutani hakuna aliyeweza kuzifuata. Mbao ikishachongwa imechongwa.

Naruka karne nne sasa, si kwa sababu hazina kitu bali kwa sababu mtalala.

Jina la ramani ya mawazo kama tunavyolijua lilienezwa na Mwingereza Tony Buzan, kupitia kipindi chake cha televisheni ya BBC mwaka 1974. Alikuwa mfanyabiashara hodari, na alipofariki mwaka 2019 alikuwa ameandika vitabu vingi kuliko nguo zangu. Sharti lake lilikuwa neno moja katikati, rangi, matawi yaliyopinda, neno moja kila tawi. Kabla yake kidogo, mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, Joseph Novak na wenzake walikuwa na shida nyingine. Walikuwa wamewahoji watoto wengi kuhusu sayansi, wana marundo ya maandishi, na wanataka kuona mtoto anaelewa nini hasa. Wakaanza kuchora dhana kwenye visanduku na kuziunganisha kwa mistari. Tofauti na Buzan ni mbili. Kwanza, juu ya mstari kuna maneno: "husababisha", "huzuia", "hutokana na". Pili, tawi la huku linaruhusiwa kuvuka na kushikana na tawi la kule.

Kwa maoni yangu Novak ndiye aliyeelewa magonjwa, ingawa hakuwa anazungumzia magonjwa. Mti ni mzuri kwa ukoo. Mgonjwa si ukoo. Maumivu ya viungo aliyokuwa nayo bibi yangu yangeweza kuning'inia kwenye matawi manne kwa wakati mmoja, na mti haukubali tunda moja liote kwenye matawi manne.

Je, vitu hivi vinasaidia kweli kukumbuka? Nilitafuta, maana mambo ya "mbinu za kusoma" yana matapeli wengi. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa London uliowapima wanafunzi 50 wa udaktari. Waliotumia ramani ya mawazo walikumbuka zaidi hata baada ya wiki moja, ila hawakuipenda sana mbinu yenyewe. Mwaka 2010 ukatoka mwingine wa wanafunzi 131 wa mwaka wa kwanza, na huo haukuona tofauti ya maana kati ya ramani na kuandika madaftari ya kawaida. Kwa hiyo anayekuuzia semina ya ramani za mawazo kwa laki mbili mwambie apunguze. Mdogo wangu anasema kinachomfundisha si mchoro uliokamilika, ni ile dakika anapojiuliza kisanduku hiki nikiweke wapi. Anaona bora achore vibaya mwenyewe kuliko kupewa uzuri wa mwingine. Nadhani ana hoja.

Turudi kwenye mbao ya Vesalius, maana kuna mtu aliyeitoa njiani. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Ivan Sutherland aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad kama kazi yake ya shahada ya uzamivu. Unachora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta ya TX-2, mashine ya kujaza chumba. Jambo la ajabu halikuwa kuchora, lilikuwa kusogeza. Ukihamisha nukta, mistari iliyoungana nayo inaifuata yenyewe. Mchoro unakumbuka nani ameshikana na nani. Kwa mara ya kwanza kosa likawa halina gharama ya mbao.

Ilichukua muda mrefu kitu hicho kufika kwa mtu wa kawaida. Programu za kuchora zilikuwepo kwa miaka mingi lakini za kununua, au za wizi kwenye CD, tusidanganyane. Mnamo mwaka 2000 hivi ikatokea FreeMind, programu huria ya ramani za mawazo, bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Mwaka 2001 kikakubaliwa kiwango cha kuchora mistari ndani ya kurasa za mtandao kiitwacho SVG, na polepole vivinjari vikajifunza kukisoma. Huku kwetu yote hayo yalikuwa ya kusikia. Wakubwa zangu kazini husimulia jinsi walivyokuwa wakilipa kwa nusu saa kwenye intaneti kafe, na picha moja inashuka mstari kwa mstari kama pazia. Waya wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam na Mombasa ukaanza kazi Julai 2009, na baada ya hapo ndipo kuchora kitu ukiwa mtandaoni kulipoacha kuwa kichekesho.

Wakati huo huo Ulaya kulikuwa na watu wawili wa kampuni ndogo, Gaudenz Alder na David Benson, ambao tangu mwaka 2005 walikuwa wakitengeneza mitambo ya kuchora michoro ndani ya kivinjari. Kutokana na kazi hiyo ikaja draw.io mwaka 2012, ambayo mwaka 2020 ilichukua pia jina la diagrams.net. Mwaka huo huo wa 2020, mwezi Januari, Christopher Chedeau akaanzisha Excalidraw, ambayo mistari yake inatetemeka kidogo kama ya mkono wa mtu. Hii ya pili mdogo wangu anaipenda kwa sababu, anasema, mchoro ukionekana umechorwa ovyo huoni aibu kuufuta. Naielewa sana hiyo. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa umependeza mno, nani angethubutu kuupasua?

Alipohama kule alikokataliwa alihamia draw.io, na sababu si rangi. Pale hufungui akaunti, na faili linakaa kwako mwenyewe, kwenye simu yako, kwenye kompyuta ya maktaba, kwenye flashi. Faili lenyewe ndani yake ni maandishi tu. Kampuni ikiamka kesho na masharti mapya, wewe una faili lako. Neno bure lina sura nyingi, na yeye sasa kabla ya kuchora anauliza kwanza kazi itahifadhiwa wapi. Alichapa upya visanduku vyote kimoja kimoja akiangalia picha ya skrini ya ile ramani ya zamani, usiku mbili, bando langu.

Na hapa mimi nikaingia kama mwandishi wa habari. Nilimwambia kabla hujaongeza tawi la mbuzi, ngoja tuangalie kama hakuna mengine. Tukapata utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili. Walioandikiwa kwamba wana malaria walikuwa 528, yaani asilimia 60.7. Ambao kweli homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14. Soma tena: 14, asilimia 1.6. Zaidi ya robo ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa ya kupe, homa ya Q, na brusela ya bibi yangu. Wengine walikuwa na chikungunya. Na sentensi iliyomfanya mdogo wangu aweke simu chini ni hii: hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye magonjwa hayo yalikuwa yameandikwa kwenye orodha ya yanayodhaniwa wakati anapokewa. Hakuna hata mmoja kati ya 870.

Tuwe waungwana. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Magonjwa mengi kati ya hayo kuyathibitisha kunahitaji damu ya siku ya kwanza na damu nyingine ya wiki kadhaa baadaye, zilinganishwe kwenye maabara ambayo wilayani haipo. Malaria inaua haraka, na kwa miaka mingi mwongozo wenyewe ulikuwa mtoto mwenye homa apewe dawa za malaria. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa apimwe kwanza. Mwaka 2014 utafiti mwingine, wa watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara, ukaonyesha kwamba malaria ilikuwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, wengi wao wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa. Picha ya homa ilikuwa imebadilika, na michoro vichwani haikuwa imebadilika.

Lakini chikungunya ndiyo iliyoniuma. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa, Tanganyika, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa vile mgonjwa anapinda kwa maumivu. Dunia nzima, India, Brazili, visiwa vya bahari zote, wanautaja kwa neno la wakulima wa kusini kwetu. Na miaka zaidi ya hamsini baadaye mgonjwa anaingia wodini Moshi akiwa nao, na neno hilo halimo kwenye karatasi yake.

Homa ya mgunda nayo wengi tuliisikia Julai 2022, pale wizara ilipotangaza wagonjwa 20 mkoani Lindi, watatu wakiwa wamefariki. Kwa siku kadhaa sisi waandishi tulikuwa tunauita ugonjwa wa ajabu. Miongoni mwa waliouita hivyo ni mimi, na habari ile bado ipo, sitaifuta.

Ramani mpya ya mdogo wangu haipendezi kama ya kwanza. Malaria bado ina tawi lake, na kipimo kimewekwa mlangoni kabisa, mshale mmoja ukisema "kikionyesha ndiyo" na mwingine "kikionyesha hapana". Ile ya "hapana" ndiyo iliyonenepa sasa. Kuna kisanduku kipya cha kijani kimeandikwa MASWALI, ambacho hakikuwepo kwenye ramani ya zamani wala kwenye daftari la darasani: unafuga nini, umemzalisha mnyama, maziwa unachemsha, umelima kwenye maji, panya wapo ghalani, umeng'atwa na kupe. Kutoka hapo mistari inavuka ovyo kwenda kila upande. Maumivu ya viungo yameshikana na brusela na chikungunya, jasho la usiku limeshikana na brusela na kifua kikuu. Ukiitazama kwa mbali ni kama neti iliyochanika. Chini kabisa kuna kisanduku kitupu chenye alama ya kuuliza, na nilipomwambia amekisahau akasema hajakisahau.

Mwalimu wake aliiona. Alinyamaza kidogo, akasema katika mtihani hawezi kumpa alama za kisanduku kitupu, kisha akamwomba amtumie faili. Sio picha, faili.

Bibi naye ameonyeshwa. Hajui kusoma, kwa hiyo alifuata mistari kwa kidole, akauliza yeye yuko wapi. Mdogo wangu akamwonyesha kile kisanduku cha kijani. Bibi akasema mbona hakuna picha ya mbuzi. Nilipoangalia jana ilikuwepo, mbuzi mmoja mbaya kweli, miguu mitatu, amesimama juu ya neno HOMA.

Nawatakia wiki njema. Yale magazeti ya zamani yanakuja, safari hii kweli.